Saumu Chini ya Dirisha la Anti Auleria

Nyuma ya karakana ya vitanda,
Mbezi Luis,
Dar es Salaam.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Mama Mkubwa Tekla,

Leo nimeapa kukueleza kila kitu, tangu siku nilipootesha zile punje za kitunguu saumu ulizonipa mpaka hali ilivyo humu nyumbani sasa. Sitapunguza lililo chungu kwako wala lililo chungu kwangu. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Lakini tumefundishwa kwamba hata mwenye hasira hujulia hali kwanza, kwa hiyo pokea shikamoo yangu.

Bibi anaendeleaje na goti lake? Baridi ya Mbinga imeanza kupungua au bado analala na soksi? Kahawa mmemaliza kuchuma? Nimeuliza yote haya kwa sababu nataka kujua kweli, si kwa kujaza mistari. Huku kwetu ni wazima wa mwili. Baba anakohoa vumbi la mbao kama kawaida yake, na mimi naendelea na kidato cha tatu.

Ningeweza kupiga simu, lakini simu ni ya baba, na baba huzungumza akiwa ameweka sauti inayosikika mpaka kwa wapangaji. Mambo haya si ya wapangaji, ingawa wao ndio walioyaanza. Cyprian, kijana wa karakana ya baba, anasafiri keshokutwa kuja huko kutoka stendi ya Magufuli. Nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi, na atakapogeuza kurudi aje na jibu lako.

Basi nianze. Desemba uliponisindikiza kupanda basi, ulinipa vichwa vya saumu vilivyosukwa pamoja kwa majani yake, na ukasema nisile mbegu kama kuku. Ukaniambia saumu haipendi joto la Dar, nitafute pahali penye kivuli. Kisha hukuniacha nitafute. Ulinitajia pahali penyewe: upande wa nyuma, chini ya dirisha la chumba cha baba, ambako jua la mchana halifiki. Nilifurahi sana. Nilifikiri kwamba ulipokuja kwetu mwaka jana uliitazama nyumba yetu kwa jicho la mkulima.

Nilifanya kila kitu kwa uangalifu. Mwalimu Fredrick anayetufundisha baiolojia aliniambia kwamba saumu isipoonja baridi kabla ya kuoteshwa huishia kutoa majani tu. Sisi hatuna friji, kwa hiyo nilimwomba Shamimu wa nyumba ya jirani, yule anayeuza barafu za ubuyu, anihifadhie punje zangu kwenye friji lake. Nilizifunga kwenye karatasi na mfuko wa plastiki. Nilipaswa kuzitia kwenye kopo lenye kifuniko. Haukupita muda, watoto wakaanza kurudisha barafu zikiwa zimelambwa mara moja tu, na mmoja wao akamuuliza Shamimu kama leo ubuyu umepikwa na pilau.

Shamimu alikuja mwenyewe na mfuko wangu, ameushika kwa vidole viwili kama panya. Akaniambia, "Noela, mie nilikupa friji, sikukupa duka. Chukua uchafu wako." Mpaka leo nikimsalimia ananijibu akiwa anaangalia ng'ambo ya barabara. Lakini zile punje zilikuwa zimeshakaa kwenye baridi vya kutosha.

Masika yalipokwisha nilitoboa ndoo tupu za rangi, nikachanganya udongo na samadi ya kuku iliyokauka, nikaziotesha punje kitako chini na ncha juu kama ulivyonifundisha. Ndoo nilizipanga chini ya dirisha ulilonitajia. Zilichipua vizuri. Nilijivuna, mama mkubwa. Huku watu huniambia saumu ni kitu cha kununua sokoni, nami nilikuwa na yangu.

Sasa nikuambie habari za anti Auleria. Unajua kwamba tangu baba amwoe sijamwita mama, na kwamba sikumpenda. Yeye ni mtu wa Masasi. Kwake kila mboga lazima ikutane na nazi au korosho, na anasema saumu inaua ladha ya nazi. Mimi nilizoea maharage yaliyoungwa kwa saumu kama alivyoyaunga marehemu mama, na kama unavyoyaunga wewe. Zamu yangu ya kupika ilipofika niliitwanga saumu kwa chumvi mpaka ikawa uji, nikaikaanga kabla ya kitunguu maji, na nyumba nzima ikajua ni zamu ya nani. Yeye alifungua milango yote na kupepea kwa kanga. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukigombana, kwa harufu. Ulikuwa ugomvi mdogo na nakiri kwamba niliufurahia.

Lakini ndoo zangu hakuzigusa kwa ubaya. Nilikuwa nikirudi shule nakuta udongo umelowa, nikadhani ni matone ya tangi. Baadaye niligundua kuwa ni yeye, alikuwa anazimwagia maji aliyooshea mchele.

Mambo yaliharibika siku tuliyokuwa tukianika nguo uani. Mama Isack, mpangaji wa chumba cha pembeni, alisimama mbele ya ndoo zangu na kibanio mdomoni, akatikisa kichwa kama mtu anayesifu. Akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyeikosa, "Mwanangu una akili kuliko umri wako. Kinga umeiweka palepale inapotakiwa." Nikamuuliza kinga ya nini. Akanicheka. "Saumu chini ya dirisha la mtu, unadhani sie hatujui kazi yake? Hapo sasa ungo haupiti, kutoka wala kuingia."

Wewe unajua, na sasa nami najua, kwamba watu wengi wanaamini saumu humzuia mchawi. Nilikuwa nimeyasikia hayo kama ninavyosikia habari za paka weusi. Haikunijia kabisa kwamba mtu anaweza kuzitazama ndoo zangu za rangi na kusoma neno hilo. Tena unajua yaliyosemwa mwaka jana mdogo wangu Benson alipofariki akiwa bado mchanga. Kuna watu walikula msibani kwetu, wakafuta midomo, kisha wakanong'ona kwamba mama yake mwenyewe, anti Auleria, ndiye aliyemtoa kafara.

Dirisha lilikuwa wazi. Nilimwona anti kupitia wavu, amekaa kitandani na sindano na uzi mkononi. Aliinuka akalifunga taratibu, bila kulipigiza. Ingekuwa afadhali angelipigiza.

Niliinama palepale kuziondoa ndoo. Akatoka nje akaniambia, "Usiviguse vitunguu hivyo." Nikasema nitavipeleka upande wa karakana. Akanijibu polepole, maneno ninayoyakumbuka yote. "Ukiviondoa leo, kesho watasema mie ndiye niliyekuamuru, maana vinanichoma. Vikikaa, vinanitukana kila nikiamka. Umeniweka pazuri, mwanangu. Viache."

Fikiria hilo, mama mkubwa. Hakukuwa na njia ya kuziondoa bila kumshtaki, na hakukuwa na njia ya kuziacha bila kumshtaki. Dirisha halikufunguliwa tena, na unajua joto la chumba kile chenye bati lisilo na dari. Asubuhi alikuwa anatoka uso umevimba kwa kukosa usingizi, na mama Isack alikuwa anamsalimia kwa furaha ya pekee.

Jikoni kukawa na sufuria mbili. Alijipikia yake na mimi nikapika ya kwangu na baba. Baba alikuwa anakula kidogo huku na kidogo kule, kama mtu anayelipa nauli pande zote mbili. Nilipomwomba aseme neno kwa wapangaji, alisema wanawake tumalizane wenyewe. Baba anajua kupima mbao mpaka unene wa kucha, lakini ugomvi hajui aanze kuukata wapi. Nilimkasirikia naye.

Kisha ikaja Jumamosi moja, wote tuko uani. Mama Isack alianza tena. Alimuuliza Shamimu, aliyekuwa amekuja kuchukua beseni lake, kwa nini siku hizi dirisha la baba mwenye nyumba halifunguliwi, au kuna mtu amekosa njia. Wakacheka. Shamimu alicheka zaidi kuliko ilivyohitajika, nadhani kwa ajili ya barafu zake.

Anti Auleria alitoka na kigoda. Akakiweka katikati ya ndoo zangu, akakaa, akang'oa mche mmoja. Kilichotoka hakikuwa kichwa chenye punje kama vya kwenu, kilikuwa duara moja dogo kama kitunguu maji kichanga, maana joto lilikuwa limezidi ile baridi ya friji. Akakifuta udongo kwa kanga, akakimenya kwa kucha, akakitia mdomoni kibichi, akatafuna. Machozi yalimtoka kwa ukali ule, nayo hakuyafuta. Akang'oa kingine, akakila hicho pia. Hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Alipomeza alisema, "Mmeniona. Nimekula. Semeni kingine mnachotaka nile ili mniache nizae kwa amani."

Hivyo ndivyo sote tulivyojua kwamba ana mimba. Hata baba alijulia hapo, amesimama mlangoni mwa karakana na randa mkononi. Mwanamke huyu alikuwa ameificha habari hiyo kwetu sote, kwa sababu ile ya kwanza aliitangaza kwa furaha na unajua mwisho wake.

Mama Isack hakuona haya. Alichukua ndoo yake ya nguo na kusema, kama anajisemea, kwamba kwa wachawi wakubwa saumu ni kachumbari tu. Mimi ni mtoto wa shule na nimefundishwa kutojibizana na watu wazima, lakini siku ile nilimwambia afunge mdomo wake. Nimesema nitakueleza kila kitu, basi na hilo ni mojawapo. Baba hakunigombeza.

Anti alitapika sana. Nilimshikia beseni kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Alipotulia aliniuliza ni nani aliyenichagulia pahali pale. Nikamwambia ni wewe, na kwamba ulitaka kivuli. Akajifuta mdomo kwa kanga. Kisha akasema, "Mbezi nzima hii, kivuli kiko chini ya dirisha langu tu?"

Nilikutetea, mama mkubwa. Nikamwambia usingeweza kunituma jambo kama hilo, wewe ambaye ni dada wa mama yangu na husali jumuiya kila wiki. Hapo ndipo aliponikumbusha ulipokuja kutupa pole ya Benson. Alikupikia wali wa nazi na kuku, ukakataa. Alikupikia uji, ukakataa. Ulikula mkate ulionunua mwenyewe dukani na ndizi mbivu ulizomenya mwenyewe, na chai ulikunywa niliyochemsha mimi tu. Nikamwambia ulikuwa na vidonda vya tumbo. Ndivyo ulivyosema mwenyewe, mbele yangu.

Akaniambia, "Sawa. Nami ndivyo nilivyojiambia."

Halafu mimi mwenyewe nikakumbuka mezani kwako Desemba. Nilikuona ukila ugali kwa saumu mbichi iliyopondwa na pilipili, bila hata kukunja uso, na ukanicheka niliposhindwa. Mtu mwenye vidonda vya tumbo hali saumu mbichi. Nilikuwa bado na beseni la matapishi mikononi. Hasira niliyokuwa nimeiweka kwa mama Isack yote ikageuka, ikaelekea Mbinga.

Sasa sikiliza hali ilivyo. Anti anafunga mizigo kwenda kwao Masasi kujifungulia huko. Amesema hawezi kubeba mimba nyingine kwenye nyumba inayomhesabu mchawi. Baba anaogopa kwamba akienda hatarudi. Naye ameamua kwamba, ili nyumba itulie, mimi Januari nije kukaa kwako na kumalizia kidato cha nne huko, kwa kuwa wewe ndiye unayenipenda. Alilisema hilo kama zawadi. Zamani ningerukaruka kwa furaha.

Nilikwenda chumbani kwa anti, begi likiwa wazi kitandani, nikamwambia nitakuandikia na kukuuliza, na nikamwomba asiondoke kabla jibu halijafika. Hakusema ndiyo. Alichukua kanga moja kutoka kwenye begi, akaikunja upya, akairudisha kabatini. Ni kanga moja tu, lakini niliiona.

Jana ndoo zote majani yalikuwa yamegeuka manjano na kulala. Saumu iliyokomaa huvunwa, na hakuna mpangaji awezaye kusema vinginevyo. Nilimwita anti kwa sauti, uani, watu wakisikia, nikamwambia mazao yako tayari aje anisaidie kung'oa. Alikuja. Tulizing'oa zote, tukazikung'uta, nikazitandaza kwenye ungo wa kupepetea mchele, na nikamtazama mama Isack machoni nilipoubeba ungo huo kuingia nao ndani.

Jioni nilipika maharage kwenye sufuria moja. Niliitwanga saumu kidogo, si kama nilivyokuwa nikiitwanga kwa shari, na mwishoni nikatia tui. Nilipompelekea nilichota kijiko nikala kwanza mbele yake, kama anavyoonjewa mgeni. Hakuniambia nifanye hivyo, ila aliona. Akala yote. Alichosema ni kwamba chumvi imepungua. Usidhani tumependana. Leo asubuhi amenigombeza kwa sababu ya sufuria niliyoiacha na ukoko. Lakini dirisha lilikuwa wazi.

Nimekuwekea saumu moja kwenye mfuko wa Cyprian uone zilivyotoka huku. Ukiikata hutakuta punje, ni kitu kimoja tu mpaka ndani. Ladha yake ni kali kuliko za kwenu.

Nisalimie bibi, umwambie goti alikande kwa maji ya moto na si kwa mafuta ya taa. Nisalimie Adelard na wadogo zake, na Marietha ukimwona kanisani. Mungu awalinde nyote, awape mvua kwa wakati wake, na amlinde pia huyu aliye tumboni ambaye hajamkosea mtu.

Mama mkubwa, nakuomba usinijibu kwa methali, na usimpe Cyprian maneno ya mdomo. Ukisema ilikuwa kivuli, nitaamini, na nitasimama uani nilisome jibu lako mbele ya wapangaji wote na mbele ya anti Auleria. Ukisema haikuwa kivuli, nitamwambia anti ukweli huo kabla mtu mwingine hajamwambia, na wewe nitaendelea kukuamkia kwa heshima, lakini sijui kama nitaweza kula chakula cha chungu chako. Bado natumaini ni la kwanza. Natumaini sana, kwa sababu sina dada mwingine wa mama yangu.

Kwa hiyo nijibu hili moja tu, Cyprian akirudi: uliponionyesha dirisha lile, ulikuwa unaitafutia saumu kivuli, au ulinituma mimi, mtoto, nikamwambie mwanamke huyu kwamba alimuua mwanawe?

Mwanao anayekupenda na anayesubiri,
Noela